Kofilini-1 ya binadamu haigusi aktini yangu: protini imekufa au nakosea mimi?

BintiPangani:

Habari zenu wakubwa na wadogo. Kichupa kimoja kidogo kimeninyima usingizi wiki ya tatu sasa. Waliowahi kushika kazi ya aktini naomba mnisaidie.

Nasoma shahada ya uzamili ya baiokemia hapa Dar es Salaam. Tasnifu yangu inahusu namna VVU inavyoingia kwenye seli za kinga za CD4 zilizotulia. Mwaka 2008 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba VVU ikishika kipokezi cha CXCR4 juu ya seli hizo, ndani huamka protini iitwayo kofilini, nayo hulegeza wavu wa aktini (protini ambayo punje zake huungana kuwa nyuzi) uliotandazwa chini ya utando wa seli. Wavu ukilegea, virusi vina njia. Niliposoma habari hiyo nilijiambia kabla sijagusa seli hata moja nataka kuiona kofilini ikifanya kazi yake ndani ya tyubu: aktini safi, kofilini safi, basi. Msimamizi wangu alikubali, akamega pesa kidogo ya mradi.

Nilinunua kofilini-1 ya binadamu iliyotengenezwa ndani ya bakteria E. coli, maikrogramu 50, yenye lebo ya histidini 6 (kipande cha ziada cha amino asidi cha kusaidia kuisafisha) upande wa mwanzo wa protini. Usafi umeandikwa zaidi ya asilimia 95. Ilikuja na barafu kavu, ikalala uwanja wa ndege siku mbili tukihangaikia karatasi. Nilipofungua boksi barafu ilikuwa imebaki kama konzi moja, ila kichupa bado kilikuwa kimeganda. Aktini ni ya misuli ya sungura, ilikuja ikiwa unga mkavu.

Aktini niliiyeyusha nikaiacha juu ya barafu saa moja, kisha nikatia KCl milimola 50, kloridi ya magnesi milimola 2 na ATP milimola 1 ili punje ziungane ziwe nyuzi. Bafa yangu (maji ya chumvi yanayotunza pH) ni pH 7.0. Nikachanganya aktini maikromola 5 na kofilini maikromola 5 kwenye maikrolita 50, nikasubiri nusu saa, nikazungusha kwa 100,000 g kwa saa moja. Sentrifuji hiyo si yetu, iko taasisi jirani, na zamu yetu ni Jumanne mchana tu. Nikatenganisha maji ya juu na mashapo, vyote nikavipitisha kwenye jeli ya asilimia 10, inayotenganisha protini kwa ukubwa.

Tyubu ya aktini peke yake: karibu yote imeshuka kwenye mashapo, kama inavyotakiwa. Tyubu ya aktini na kofilini: vilevile, kana kwamba sikutia kitu. Na kofilini yenyewe siioni, si juu si chini. Nimerudia Jumanne tatu, kila mara tyubu mbili za kofilini, majibu hayabadiliki.

Je, protini ilifia safarini? Au aktini ya sungura na kofilini ya binadamu hazipatani? Na ni haki nimwandikie muuzaji nidai kichupa kingine? Nimebakiwa na maikrogramu 20 tu, na kila tyubu inakula 5.

Mama_Kihonda:

Pole sana mwanangu. Usimwandikie muuzaji bado. Anza na jeli.

Kofilini-1 ina amino asidi 166, uzito wake ni kilodaltoni 18.5 hivi. Kwa lebo yako inaweza kufika 20 na ushee. Aktini ni kilodaltoni 42. Jeli ya asilimia 10 inamfaa huyo wa 42, lakini huyu mdogo anakimbia pamoja na rangi ya buluu, na ukiiachia rangi itoke chini naye ametoka. Mwaga jeli ya asilimia 15, na uzime umeme rangi ikiwa bado imebakiza sentimita moja. Protini yako pengine ilikuwepo siku zote tatu, ila ilikuwa imeishia kwenye bafa ya tangi.

Halafu tuandikie kila kitu ulichotia mle, hata kile unachoona si muhimu.

BintiPangani:

Shikamoo mama, na asante. Ni kweli kabisa, rangi niliiachia itoke, kwa sababu nilikuwa nataka mstari wa aktini ushuke ukae katikati ya jeli.

Kitu ambacho sikukiandika: nyuzi nilizitengenezea kwenye maabara yetu, kisha nikazipeleka kule kwenye sentrifuji kwa bajaji. Niliogopa zisije zikavunjikavunjika njiani, kwa hiyo nilizitia faloidini, molekuli moja kwa kila punje ya aktini, ziimarike. Sidhani kama inahusika, lakini umesema niandike vyote.

MzeeKisauni:

Binti, bila faloidini hiyo ningekuwa bado nahangaika na uwanja wa ndege. Inahusika, tena kuliko mambo yote uliyoyataja.

Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa, ila nusu ya umri wangu nimeimalizia kwenye chumba cha baridi cha maabara huku Göteborg, Uswidi, nikiwa fundi wa kusafisha protini. Aktini ya sungura nimeitengeneza kwa mkono wangu tangu nyama mpaka unga wa asetoni, kwa njia ya Spudich na Watt ya mwaka 1971, mara nyingi hata sihesabu tena. Kwa hiyo niruhusu niseme kwa kirefu.

Faloidini ni sumu ya uyoga uitwao Amanita phalloides. Inajipachika pale punje za aktini zinapokutana kwenye uzi na kuzibana zisiachane. Kofilini nayo ikishika uzi huusokota. Mwaka 1997 uzi uliovaa kofilini ulipigwa picha kwa hadubini ya elektroni, ikaonekana kila punje imezungushwa digrii 5 hivi zaidi ya kawaida. Kama umewahi kuwaona wazee wanavyosokota kamba ya usumba utanielewa: kamba iliyokwisha kukazwa na kufungwa fundo huwezi kuisokota tena. Uzi wenye faloidini kofilini haiukamati, na uzi uliojaa kofilini faloidini haiukamati. Ndiyo sababu kwenye picha za seli zilizotiwa rangi ya faloidini, mahali palipojaa kofilini huonekana peusi wakati aktini ipo. Wewe umeitia sumu hiyo molekuli moja kwa kila punje. Umeifunga milango yote kisha unashangaa mgeni haingii.

Safari ya bajaji ina dawa yake. Usibebe nyuzi. Beba punje, juu ya barafu, katika bafa isiyo na KCl wala magnesi ya ziada, na chumvi yako kwenye tyubu nyingine. Ukifika kule ndipo uzigeuze nyuzi, saa moja, huku unasubiri rota ya sentrifuji ipoe.

Sasa pH. Hapa wengi hupotea, kwa sababu kofilini ina tabia mbili. Chini ya 7 hushika uzi na kuzama nao kwenye mashapo, na aktini yote inabaki chini. Ukipanda kuelekea 8 ndipo unaona aktini inahama kwenda juu, punje zimebanduka. Kwa pH 7.0 yako, hata bila faloidini, ungeweza kuiona aktini imekaa palepale ukadhani hakuna kilichotokea, wakati kofilini imejaa kwenye mashapo. Na hiyo kofilini usingeiona kwa sababu ya jeli aliyoisema Mama Kihonda. Makosa mawili yalikuwa yanafichana.

Tena uelewe kipimo chako kinaona nini na hakioni nini. Vipande vya uzi uliokatwa navyo huzama kwa 100,000 g. Uzi mrefu ukikatwa vipande ishirini, jeli itakuonyesha mstari uleule kwenye mashapo. Kuzungusha kunakuambia kama protini imeshika, na ni punje ngapi zimebanduka. Ukataji wenyewe unauona kwa hadubini tu. Na usidhani kofilini nyingi ndiyo ukataji mwingi. Uzi huvunjika pale mpakani, kati ya sehemu iliyosokotwa na ile ambayo bado. Ukiutia kofilini mpaka ukajaa wote, mipaka inakwisha na uzi unatulia. Siku utakayofika kwenye hadubini, anza na kidogo sana, usianze na kiasi sawa na cha aktini kama ulivyofanya hapa.

Sungura na binadamu wanapatana. Aktini ya misuli ya mifupa ya sungura na ya kwako wewe ni ileile, amino asidi 375, hakuna hata moja iliyotofautiana. Na kutengenezwa ndani ya bakteria hapa ni faida kwako. Ndani ya mwili wetu kofilini huzimwa kwa kutiwa fosfeti kwenye amino asidi ya 3, serini, na anayeifanya kazi hiyo ni kimeng'enya kiitwacho LIM kinesi. E. coli haina kinesi hiyo. Kofilini inayotoka kwake inatoka ikiwa imewashwa.

Lakini hiyo serini ya 3 ndiyo inayonipeleka kwenye lebo yako. Fosfeti moja ndogo mwanzoni mwa protini inatosha kuizima, kwa sababu mwanzo huo ni sehemu ya mkono unaoshika aktini. Sasa wewe umenunua protini ambayo mwanzoni kabisa imening'inizwa histidini 6 pamoja na kiunganishi chake. Haimaanishi imekufa. Inamaanisha inashika kwa shida, na hakuna atakayekuambia ni shida kiasi gani mpaka uipime. Mimi nilipoteza miezi mitatu kwa jambo hilihili, protini nyingine ya jamii hiyohiyo, muuzaji simtaji. Karatasi ya maelezo ilikuwa na mstari mdogo chini kabisa uliosema utendaji wa protini haujapimwa. Sikuusoma. Nakuomba uusome wa kwako leo hii. Protini nyingi za namna hiyo huuzwa ziwe mstari wa kulinganishia kwenye jeli, nazo kwa kazi hiyo ni nzuri kabisa. Kwa tasnifu yako tafuta isiyo na lebo, au ile yenye lebo inayokatwa kwa kimeng'enya kisha ikaondolewa.

Jambo la mwisho ni DTT, kemikali inayozuia sisteini zisifungamane. Kofilini ya binadamu ina sisteini 4, namba 39, 80, 139 na 147. Zikiungua kwa oksijeni zinafungamana na protini inaharibika. DTT milimola 1, iliyotengenezwa siku hiyohiyo. Ile ya mwezi uliopita iliyokaa kwenye friji ni maji tu.

Kwa maikrogramu 20 zako: punguza ujazo uwe maikrolita 25, ukolezi uleule. Tyubu moja itakula maikrogramu 2.5, utapata tyubu 8. Kwanza zungusha kofilini yote peke yake kwa 100,000 g uondoe mabonge. Halafu Jumanne moja fanya: kofilini peke yake, aktini peke yake kwa pH 6.8 na kwa pH 8.0, aktini na kofilini kwa pH hizo mbili, na moja ya aktini, faloidini na kofilini, ili uione kwa macho yako. Kofilini peke yake usiiache hata kidogo. Ikizama bila aktini, yote uliyoyaona kwenye mashapo hayana maana.

BintiPangani:

Mzee wangu, nimesoma mara tatu na daftari mkononi. Ule mstari mdogo upo. Umeandikwa kwa herufi ndogo kuliko namba ya toleo.

Swali moja kabla ya Jumanne. Kuna mwenzangu ana aktini yenye pireni (kemikali inayong'aa ikimulikwa) na kifaa cha kupima mwanga. Nikitumia hiyo si nitaona moja kwa moja nyuzi zikipungua, bila kusubiri zamu ya sentrifuji?

KijanaEldoret:

Dada, kwa kofilini usifanye hivyo, nimeungua hapo. Pireni huwaka sana aktini ikiwa kwenye uzi, unaimulika kwa nanomita 365 na kusoma 407. Kwa protini nyingine nyingi inafaa sana. Lakini kofilini ikishika uzi, mwanga wa pireni hufifia hata kama hakuna punje iliyobanduka. Mimi niliona mwanga unaporomoka ndani ya sekunde chache, nikaandika kwenye ripoti kwamba nyuzi zimeyeyuka. Nilipozungusha, aktini yote ilikuwa kwenye mashapo. Ilibidi nifute kurasa nne. Unaweza kuitumia kupima kasi ya kushika, ukijua ndicho unachopima.

Na kitu kingine, usichanganye protini yako na bafa ya fosfeti. Kofilini inapenda uzi wenye ADP (ATP iliyokatwa fosfeti moja) uliokwisha kuachia fosfeti yake. Ukiirudisha fosfeti nyingi mle, ushikaji unapungua.

BintiPangani:

Nimerudi. Imepita mwezi na siku kadhaa, samahani kwa kimya, Jumanne mbili umeme ulikatika kule.

Nilibeba punje kwenye kopo la barafu, chumvi pembeni, na nyuzi nikazitengenezea hukohuko. DTT nilipima asubuhi ileile. Jeli asilimia 15, rangi nikaizuia kabla haijatoka. Nilipoiosha rangi ya Coomassie, inayoonyesha protini, usiku, nikauona mstari mdogo chini ya aktini, pale kilodaltoni 20 na kidogo, nikamwita dada yangu aliyekuwa anapika aje aangalie, ingawa hajui kofilini ni nini.

Kofilini peke yake: yote juu, hakuna mashapo. Kwa hiyo haikuwa na mabonge, na zile siku mbili za uwanja wa ndege hazikuiua. Aktini, faloidini na kofilini: aktini chini, kofilini yote juu, hata kivuli chake hakikushuka. Hii ndiyo tyubu niliyokuwa nairudia Jumanne tatu. Aktini na kofilini bila faloidini, pH 6.8: aktini chini, na kofilini imeshuka nayo, ingawa si yote, kwa jicho langu pungufu ya nusu. Kwa pH 8.0: mstari wa aktini kwenye maji ya juu umenenepa waziwazi kuliko wa aktini peke yake kwa pH hiyohiyo.

Nimefurahi, na nimeumia pia, kwa sababu nilikuwa nimeshaandika barua ya malalamiko kwa muuzaji na ilibaki kuituma tu. Protini yake ilikuwa hai. Ningekuwa nimewasema watu kwa kosa langu.

Ule ushikaji wa pungufu ya nusu ndio unaonisumbua sasa. Msimamizi ameuona, amekubali tununue isiyo na lebo, maikrogramu 250, itatoka wiki ijayo. Itakuwa tyubu nyingi na siwezi kuzitumia kwa Jumanne moja. Niihifadhije? Niigandishe na kuiyeyusha kila wiki?

MzeeKisauni:

Hongera mwanangu. Na ile tyubu ya faloidini usiitupe kwenye daftari, iweke kwenye tasnifu. Ni kipimo cha kulinganishia kizuri, kinaonyesha kwamba kofilini yako inashuka kwa sababu imeshika uzi, haishuki kwa sababu nyingine.

Kuhusu pungufu ya nusu, usiitupie lebo lawama yote. Kuna ushikaji unaopotea kwa sababu ya ukolezi wenyewe. Pima kofilini maikromola 1, 2, 5, 10 na 15 juu ya aktini ileile maikromola 5, kwanza hii mpya isiyo na lebo. Ukipata mchoro wa kupanda na kutulia utajua inashika kwa nguvu kiasi gani. Tyubu mbili tatu zilizobaki za ile ya zamani ziweke upande mmoja na mpya siku hiyohiyo, bafa ileile, ndipo utakuwa na haki ya kusema lebo imeharibu kiasi gani.

Kugandisha na kuyeyusha kila wiki, hapana. Ikifika, iyeyushe mara moja juu ya barafu, izungushe, pima ukolezi wake mwenyewe usiiamini karatasi, halafu igawe maikrolita 10 kumi kwenye tyubu ndogo. Kama mnapata naitrojeni ya maji, zitumbukize humo zigande kwa ghafla, kisha friza ya chini ya sifuri 80. Kila Jumanne toa moja. Inayobaki mwaga, hata ikikuuma. Na uandike kwa kalamu isiyofutika kwenye kifuniko na ubavuni, maana barafu ya friza hula maandishi ya juu.

Mama_Kihonda:

Kama naitrojeni haipatikani wiki hiyo, tumia barafu kavu uliyoletewa nayo, changanya na ethanoli, tyubu zigande humo. Kwa hiyo siku boksi likija usiimwage barafu sinki. Na safari hii uwe na karatasi zote mkononi kabla ndege haijatua.

BintiPangani:

Karatasi nimeanza kuzifuatilia leo asubuhi. Kalamu ninazo mbili.